Nyanya ya nyanya: mbegu za urithi, F1, GMO na ile nyanya nene ya kupikia rojo

Wiki mbili zilizopita kwenye grupu letu la mtaa jirani mmoja alituma picha ya nyanya ndefu ndefu, nyekundu, zimechongoka kwa chini, akaandika "hizi ni San Marzano original za Italia, mbegu ya asili, sio hayo maGMO yenu ya sokoni". Basi ikawa vita. Mmoja akasema yeye F1 aliacha zamani kwa sababu F1 ndo hiyohiyo GMO, mwingine akaja na kwamba mbegu za F1 zimehasiwa hata ukizipanda hazioti, mwingine akatuma video ya mtu anakata nyanya slesi anafukia kwenye ndoo halafu wiki mbili mbele msitu mzima. Katikati ya kelele mama mmoja akauliza kiungwana kabisa, "samahani jamani, hizo ndefu ndo zile za kutengenezea nyanya ya kopo?" Hakuna aliyemjibu.

Mimi nalima nyanya nyuma ya nyumba hapa Morogoro, mwaka wa sita sasa. Sio bwana shamba, ila haya mambo niliyachanganya mwenyewe miaka miwili mizima kabla hayajakaa sawa kichwani, na swali la yule mama ndo lilikuwa swali zuri kuliko yote, kwahiyo naanza nalo.

Jibu ni ndiyo. Chukua nyanya mbili, ile ya duara inayojaa mkononi na ile ndefu, zikate kwa upana uziweke kwenye ubao. Ya duara itamwaga maji mpaka pembeni, utaona ina vyumba vinne, vitano, kila chumba kimejaa ule ute na mbegu. Ndefu ina vyumba viwili, mara nyingine vitatu, kuta zake nene, mbegu chache, ubao unabaki karibu mkavu. Hiyo nitaiita nyanya nene kwenye makala hii yote kwa sababu sijasikia jina moja ambalo wauzaji wote wanakubaliana nalo.

Unene wenyewe una maana gani jikoni? Nyanya kwa kawaida karibu asilimia 95 ni maji, unabaki na kama 5 ya kitu chenyewe, sukari, asidi, nyama. Ile ya kopo ili iitwe tomato paste kwa viwango vya kimataifa inatakiwa ifike angalau asilimia 24 ya hicho kitu chenyewe kabla ya kuhesabu chumvi. Piga hesabu: ili utoke 5 ufike 24 unahitaji karibu kilo tano za nyanya upate kilo moja ya paste, na hapo sijatoa maganda na mbegu. Nyanya yako ikiwa na 6 badala ya 5, kilo nne zinatosha. Asilimia moja inaonekana ndogo lakini ni karibu kilo nzima ya maji ambayo hujalazimika kuifukuza kwa mkaa wako. Ni kama tui, tui la kwanza likichemka kidogo tu mchuzi umeshika, tui la tatu utakoroga mpaka mkono uume na bado ni supu. Ila kwenye kachumbari, niseme ukweli, nyanya nene hainifurahishi, kavu kavu hivi, kachumbari inataka ile inayomwagika.

Sasa unene ni jambo moja na urithi ni jambo jingine. Nyanya nene inaweza kuwa ya urithi, inaweza kuwa F1, inaweza kuwa aina ya kisasa kabisa iliyotoka kituo cha utafiti. Umbo halikwambii chochote kuhusu ukoo. Hapo ndo grupu letu lilipotea njia.

Maneno manne yanayogombanishwa

Ili uelewe yote manne anza na ua la nyanya. Ua moja lina sehemu ya kike na ya kiume humohumo, ya kiume imeizunguka ya kike kama mwavuli uliofungwa, upepo ukitikisa au nyuki akitetemesha chavua inaanguka ndani kwa ndani na kazi imeisha. Kwahiyo nyanya mara nyingi inazaa na yenyewe. Sio kama mahindi, mahindi ya jirani yanaingia kwako kwa upepo bila hodi. Zile zenye maua makubwa ya kizamani zinaweza kuchanganyika kidogo, ila kwa ujumla ukiacha mita chache kati ya aina na aina uko salama kiasi cha kulima nyumbani.

Mche unaojizalia wenyewe kizazi baada ya kizazi unatulia. Mtoto anafanana na mama, mjukuu anafanana na bibi. Aina iliyotulia hivyo maafisa ugani wanaiita OPV (kifupi cha Kiingereza, open-pollinated variety), na maana yake kwa mkulima ni fupi tu: kamua mbegu leo, panda mwakani, utapata kilekile.

Mbegu ya urithi ni OPV yenye umri. Hakuna sheria moja ya dunia inayosema umri gani, wengine wanataka miaka 50, wengine wanasema kabla ya chotara hazijaenea baada ya vita ya pili, wengine wanataka iwe imepita mikononi mwa familia, bibi kampa mama, mama kampa binti. Kwenye paketi za nje utaona imeandikwa "heirloom", ndo hiyo. Wakenya na watu wa pwani ambao bibi wanamwita nyanya hapa wametuzidi, maana kwao hii ni nyanya ya nyanya na mjadala umeisha. (Ndugu zangu wa Unguja mnaosema tungule, utani huu mtusamehe.)

Mifano ya nyanya nene za urithi: hiyo San Marzano ya kule kati ya Naples na Salerno, Amish Paste inayohusishwa na jamii ya Waamishi wa Wisconsin huko Marekani, na Opalka ambayo familia ya Kipolandi iliingia nayo jimbo la New York mwanzoni mwa karne iliyopita. Nyingi za namna hii zingekuwa zimepotea kama watu wasingezifuata nyumba kwa nyumba, kuna shirika Marekani linaitwa Seed Savers Exchange, lilianza 1975, kazi yake ni hiyo, wanachama wanatumiana mbegu za mabibi.

Roma je, ile tunayoijua wote? Roma sio ya urithi. Ilitengenezwa na watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani miaka ya 1950. Lakini ni OPV, mbegu zake unakamua vizuri tu. Rio Grande hivyohivyo, Cal J hivyohivyo. Na yetu wenyewe, Tengeru 97 na Tanya, zilizotoka pale Tengeru Arusha mwaka 1997, zote OPV. Kila ya urithi ni OPV, ila sio kila OPV ni ya urithi, kama vile kila bibi ni mwanamke lakini usithubutu kumwita kila mwanamke bibi.

F1 sasa. Hii ni chotara wa kizazi cha kwanza. Wanachukua aina mbili zilizotulia, baba huyu mama yule, wanazikutanisha kwa makusudi. Mbegu zinazotoka zote zinafanana, zina nguvu, na zimebeba uzuri wa pande mbili, labda huyu kaleta ganda gumu la kusafirishwa na yule kaleta kustahimili mnyauko. Anayelima ekari tatu Ilula apeleke matenga Dar anataka zote ziive pamoja na zifike hazijapasuka, mtu huyo kuchagua F1 sio ujinga, ni hesabu.

Tatizo linakuja ukikamua mbegu za hiyo F1. Fikiria karata. Kila mche wa F1 ameshika mkono uleule, nusu za baba nusu za mama. Ukimwacha ajizalie, karata zinachanganywa upya, kila mtoto anagawiwa mkono wake, mmoja kapata majeshi matupu, mwingine kapata takataka. Wafugaji wa kuku chotara wanalijua hili vizuri, unanunua vifaranga wote wanakua kama mapacha, ukiwaacha wazaliane wajukuu wanatoka kila mtu na sura yake. Kwahiyo zinaota, tena zinaota sana, ila hujui unachoota.

Mimi mwaka wangu wa pili nilikamua nyanya moja nzuri mno ya sokoni, nene, nzito, nikajiona nimewapiga bao wauza mbegu. Miche kumi na minne ikasimama. Mitano ikatoa nyanya zinazofanana na mama yao, mmoja ukatoa vidubwana kama bilinganya changa za kijani ambavyo havikuiva mpaka nikaung'oa, iliyobaki ilikuwa duara, mayai, bapa, na minne kati yake ilinyauka kabla ya mvuno. Na ile video ya kufukia slesi ndo mchezo huohuo, plus kwamba miche mia inagombania ndoo moja.

Halafu hili la "kuhasiwa". Nadhani najua lilikotoka. Ili kutengeneza F1 ya nyanya, mtu anakaa na kibano, anafungua ua changa la mche mama kabla halijakomaa, anatoa sehemu ya kiume yote ili lisijizalie, halafu anapaka chavua ya mche baba. Ua moja moja. Kwa mkono. Kwahiyo kweli kuna kinachohasiwa, lakini ni ua la mama siku ya kuchavusha, sio mbegu uliyonunua dukani. Na hiyo kazi ya kibano ndo sehemu kubwa ya bei inayokuumiza.

GMO haiko kabisa kwenye familia hii ya hadithi. Kukutanisha baba na mama nyanya ni kama kupandisha mbuzi wa kienyeji na wa maziwa, binadamu kafanya hivyo miaka na miaka. GMO ni maabara, unachukua kijeni fulani, pengine kutoka kiumbe kingine kabisa, unakiingiza kwenye mmea, ni kama kuchana mstari kwenye kitabu cha mapishi cha watu wengine ukabandika kwenye chako. Nyanya za hivyo zimewahi kuwepo, Marekani waliuza moja inaitwa Flavr Savr kuanzia 1994, haikufika mbali, ikaondoka sokoni miaka michache baadaye. Mwaka 2024 hukohuko wakaanza kuwauzia watu wa bustani za nyumbani mbegu za nyanya ya zambarau mpaka ndani, yenye vijeni vya ua la bustanini, na muuzaji anajitangaza waziwazi kwamba ni GMO. Huku kwetu makelele yalipanda hasa Oktoba 2022 Kenya ilipotangaza kuondoa marufuku iliyokuwepo tangu 2012, na mazungumzo yale yalikuwa ya mahindi na ukame, ila WhatsApp ikayasambaza mpaka kwenye nyanya, matikiti, na mayai. Dukani kwa pembejeo hapa Tanzania au Kenya hakuna mbegu ya nyanya ya GMO iliyoidhinishwa kuuzwa. Ukiona F1 kwenye kopo ni chotara, basi.

Na lile neno "asili" linanichekesha kidogo. Nyanya pori ni ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ikafugwa Mexico, Wahispania wakaibeba karne ya 16. Hata Italia yenyewe nyanya ni mgeni aliyezoeleka.

San Marzano ina nini basi

Ina ladha, hilo siwezi kubisha, utamu na uchachu vimepatana vizuri, na ganda linatoka lenyewe ukiitumbukiza kwenye maji ya moto. Wakulima wa kule walikaribia kuipoteza kwa sababu ya magonjwa ya virusi na kwa sababu chotara zinavunwa kwa mashine mara moja wakati hii inataka mkono wa mtu urudi shambani mara nyingi. Ikaokolewa, na mwaka 1996 Umoja wa Ulaya ukaipa alama ya DOP, yaani ile nyanya ya kopo yenye hilo jina na hiyo alama lazima itoke eneo la Agro Sarnese-Nocerino, na imelimwa kwa taratibu zao. Kwahiyo kuna San Marzano mbegu, ambayo mtu yeyote anaweza kupanda popote, na San Marzano jina la mahali. Ya jirani yangu ni ya kwanza. Na kopo la supamaketi lililoandikwa San Marzano bila ile alama ni maneno ya mwenye kiwanda.

Kitu ambacho haina ni kinga. Angalia herufi kwenye jina la mbegu, watu wanadhani ni mapambo. Roma VF, V ni mnyauko wa vertisilia, F ni mnyauko wa fusari, yaani hizo mbili inastahimili. Ukikuta N ni minyoo fundo, ile inayotia mizizi mafundo kama tangawizi, T ni virusi vya batobato la tumbaku (ndo maana mzee anayevuta sigara mwambie anawe mikono kabla ya kushika miche, sio unyanyapaa). San Marzano ya kizamani haina herufi hata moja. Na mnyauko bakteria, ule wa mche kulala ghafla mchana ukiwa bado kijani, ukiukata shina ukalitumbukiza kwenye glasi ya maji unaona uzi mweupe wa ute unashuka, huo hauna adabu na urithi wa mtu. Kantangaze, yule kiwavi wa nyanya (Tuta absoluta), pia haulizi ukoo, anatoboa jani la bibi na la F1 sawasawa. Kwahiyo kusema mbegu ya urithi haihitaji dawa ni uongo ambao utakugharimu bustani. Urithi ni ukoo wa mbegu, kilimo hai ni namna unavyolima, unaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Kuotesha, kwa walionifuata inbox

Naipitisha haraka isipokuwa pale watu wanapoanguka. Trei, au hata ndoo ya rangi iliyokatwa na kutobolewa, udongo laini na mboji iliyoiva, samadi mbichi hapana. Fukia mbegu kina cha nusu sentimita mpaka moja, zaidi ya hapo unaizika. Zinachungulia siku ya tano mpaka ya kumi. Hapo ndo wengi wanaua kwa mapenzi, wanamwagia asubuhi na jioni mpaka miche inakatika shingoni inalala, hicho ni kinyausi, ni fangasi wa unyevu, mwagia udongo ukianza kukauka juu na uache hewa ipite.

Wiki ya nne au ya tano mche una majani halisi manne mpaka sita. Wiki moja kabla ya kuhamisha uzoeshe jua na upunguze maji, halafu hamisha jioni. Nyanya ina siri moja ambayo mpilipili hauna: shina lake lote linaweza kutoa mizizi. Zika shina mpaka karibu na majani, likikutana na udongo wenye unyevu linatoa mizizi lenyewe, mche uliorefuka vibaya kitaluni unakuwa ndo mzuri.

San Marzano, Amish Paste na Opalka ni aina ndefu, hazikomi kupanda, lazima mti wa kusimamia na kamba na kutoa vichipukizi vya kwapani, mwanya wa sentimita 60 au zaidi. Roma, Rio Grande na Cal J ni fupi, zinafika mahali zinasimama zinazaa kwa mkupuo, ukitaka kupika rojo la mwaka mzima kwa wikiendi moja fupi ndo zako.

Joto sasa, watu wa Dar, Tanga, Mombasa nisikilizeni. Mchana ukizidi kama nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya 21 hivi, chavua inashindwa kazi, maua yanadondoka makavu. Sio ugonjwa, hakuna dawa ya kupuliza. Panda ili maua yaangukie Juni mpaka Agosti. Mimi nasia mwishoni mwa Aprili. Wa Mgeta, Lushoto, Njombe mnacheka na baridi yenu, ila nyie mna bakajani, kila mtu na msalaba wake.

Na kuoza kitako. Hili nalikalia kidogo kwa sababu nyanya ndefu ndo zinaongoza kwa kuoza kitako na ndo linalofanya watu waseme mbegu ilikuwa feki. Mwaka wangu wa kwanza na San Marzano, tunda linavimba vizuri, kijani safi, siku moja unaligeuza chini kuna doa kama ngozi ya mkanda, jeusi, limezama. Nikapulizia dawa ya fangasi mara tatu. Pesa ya bure kabisa, maana hakuna fangasi hapo wa kuanzisha. Ni kalsiamu haijafika mwisho wa tunda, na kalsiamu haina miguu, inasafiri na maji tu. Nyanya ndefu ni kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa, presha ikishuka kidogo wa kwanza kukosa ni yeye. Mimi nilikuwa namwagia nikikumbuka, siku tatu kavu halafu mafuriko. Nilichobadilisha ni kumwagia kiasi kilekile kwa ratiba na kutandaza majani makavu unene wa kiganja kuzunguka shina, pia nikapunguza urea kwa sababu mche ukikimbizwa na naitrojeni majani yanakunywa kila kitu. Maganda ya mayai? Yanaoza taratibu sana, labda mjukuu wa huo mche atayafaidi.

Kukamua mbegu

Chagua mche, sio tunda. Watu wanaona nyanya moja kubwa wanaipenda, kumbe imetoka kwenye mche mgonjwa uliobeba tunda hilo moja. Tafuta mche uliosimama wenzake wakianguka, uliozaa nyingi, funga kitambaa ili watoto wasichume. Acha nyanya iive mpaka ianze kulegea, mbegu nazo zinakomaa hapo.

Kata, kamulia ute na mbegu kwenye glasi, usiongeze maji, au kidogo sana. Funika kitambaa, weka kivulini. Ule ute unaozunguka mbegu una kazi yake, unaizuia isiote ikiwa bado ndani ya nyanya, kwahiyo lazima uuondoe, na kuchachusha ndo njia rahisi, pia kunapunguza baadhi ya vimelea vya magonjwa vilivyoshika kwenye ganda la mbegu. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili harufu ya togwa lililosahauliwa, viputo, utando mweupe juu. Ukikoroga unaziona mbegu zimeachana na ute zinazama zenyewe, zilizo tupu zinaelea. Kwa joto la hapa siku mbili zinatosha, siku tatu mwisho. Niliwahi kusafiri nikazikuta siku ya tano, zilikuwa zimetoa mikia humohumo kwenye glasi.

Mimina zinazoelea, ongeza maji, koroga, mimina tena mpaka maji yawe safi, chuja, tandaza kwenye sahani ya udongo au kioo. Sio tishu, zitaganda uje kupanda na tishu yake. Kivulini penye hewa, sio juani kwenye bati, kila nikipita nazigeuza kwa kidole. Zikikauka zinavunjika ukizikunja. Bahasha ya karatasi, bahasha ndani ya chupa ya kahawa yenye mfuniko na kijiko cha mchele uliokaangwa ukapoa wa kunyonya unyevu, mahali pa baridi. Zinakaa miaka minne na zaidi. Gramu moja ni kama mbegu 300, kwahiyo usikamue nyanya kumi, mbili tatu zinatosha mtaa mzima.

Hapo narudi kwa jirani yangu. Akinisikiliza nitamwambia zile San Marzano zake nzuri, azikamue, na mimi aniwekee bahasha. Ila mtu ambaye anachotaka ni mbegu asiyoinunua kila msimu, nene ya kupikia rojo, ladha ya heshima, hana haja ya kuhangaika na Italia. Kopo la Rio Grande au Tengeru 97 kwenye duka la pembejeo lenye lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), bei yake ukilinganisha na F1 ni mbali kabisa, unanunua mara moja, ukitunza mche wako vizuri miaka yote inayofuata ni yako. Tena Tengeru 97 ilichaguliwa kwa hali za huku, na ganda lake linavumilia kukaa. Kwa ulaji wa nyumbani mimi ndo ninayoanza nayo kila mwaka, San Marzano naiweka miche minne pembeni kwa raha zangu.

Na wale mnaosema mjomba yuko Ulaya atanibebea kwenye begi, hapana. Mbegu kuingia nchini ni kibali na cheti cha afya ya mimea, Tanzania hiyo ni TPHPA, Kenya KEPHIS. Sio urasimu wa bure. Kuna kirusi cha nyanya, madoa ya kahawia na mikunjo kwenye tunda, kilionekana Israel na Jordan mwaka 2014 na 2015 na sasa kimezunguka nchi nyingi, kinasafiri kwenye ganda la mbegu, na ile kinga ya herufi T haikizuii. Bahasha moja ya zawadi inaweza kuingia nacho mtaani.

Niliwahi pia kuagiza mtandaoni, sitamtaja muuzaji, paketi ina picha ya San Marzano ndefu kama kidole. Miezi mitatu nafunga kamba, napogoa, natandaza. Zikatoka nyanya cherry, tamu balaa, watoto walizimaliza zikiwa bado kwenye mche. Rojo sikupika.